Tangazo la Abiria Wasiofika

Kazi ya kukata haina shukrani. Aliyejenga husifiwa, aliyepaka rangi husifiwa, hata aliyefagia vumbi la ujenzi hupata asante yake. Lakini mkataji akiifanya kazi vizuri, hakuna atakayejua kwamba alipita. Na akiifanya vibaya, jamani, hata mama yake mzazi atatajwa.

Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo Mkasi, mwaka wa kumi na mbili sasa. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila pale kazini lilishasahaulika. Kampuni yao ilitengeneza gemu za kompyuta, zile ambazo mchezaji hafungwi na njia: anatembea mji mzima atakavyo, anaingia duka hili, anapanda paa lile, na akitaka kukaa kwenye benchi kutwa nzima akitazama njiwa, hakuna wa kumfukuza. Gemu ikikamilika hupelekwa kwenye bodi za nchi mbalimbali ikaguliwe. Kila bodi hurudisha orodha ya vitu isivyovitaka. Orodha zote humwangukia Mkasi, naye hukata: toleo la nchi hii bila damu, la nchi ile bila makaburi, la kule bila mkuu wa polisi mwenye kitambi.

Alikuwa amechoka, na si uchovu ule unaoisha ukilala. Alikuwa amerefusha sketi mpaka zikafagia barabara. Alikuwa amegeuza pombe kuwa sharubati, ikawa walevi wa gemu wanapepesuka na kuimba kwa nguvu ya juisi ya chungwa. Kuna bodi iliwahi kusema mbwa asibweke mbele ya jengo la serikali. Mkasi akakata kule kubweka, mbwa akabaki anafungua mdomo na kuufunga kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Bodi ikaridhika. Ukistaajabu ya Musa, ngoja uyaone ya Firauni.

Gemu ya safari hii ilihusu tarishi anayesambaza barua katika mji wa reli. Orodha ya nchi yao wenyewe ndiyo iliyofika mwisho. Ilikuwa na mambo kumi na manne, na kumi na matatu Mkasi aliyasoma huku anakunywa chai. La kumi na nne likamfanya aweke kikombe chini. "Tangazo la stesheni, la abiria wasiofika, liondolewe lote. Halifai."

Halifai kwa nini, hawakusema, na hakuna aliyeuliza. Watu wa nchi ile walishajua lipi la kuuliza na lipi la kumeza.

Sasa tangazo lenyewe lilikuwa hivi. Kila asubuhi katika ule mji wa gemu treni huingia stesheni, na wakazi mamia huwa wamejaa jukwaani kupokea watu wao. Spika inakoroma, vichwa vyote vinainuka, na sauti ya mzee mmoja inasema taratibu: "Mabibi na mabwana, garimoshi la kutoka bondeni limewasili. Abiria wafuatao walitarajiwa na hawakuwemo. Fundi saa wa mtaa wa nne. Mwalimu wa hesabu. Dada wawili wenye duka la vitambaa. Kinyozi. Mpiga picha na mkewe. Na mpiga kengele wa zamu ya asubuhi. Waliokuja kuwapokea wanaombwa warudi kesho." Kisha watu wanateremsha vichwa na kwenda zao kazini. Kesho yake wanarudi.

Na ile sauti, ndugu yangu, ilikuwa ya baba mkwe wake Mkasi.

Mzee huyo alikuwa mtangazaji wa stesheni kwa miaka thelathini na moja. Stesheni ya kweli, yenye masizi na mizigo. Kampuni ilipotafuta sauti, Mkasi akampeleka kwa kujipendekeza kidogo. Nani asiyetaka kuonekana mtu mbele ya wakwe? Mzee akavaa koti lake la kazi, akasimama mbele ya maikrofoni, akasoma mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa sekunde arobaini na moja, wala haikuzidi wala kupungua. Fundi sauti alidhani mashine imekwama. Mzee akamwambia, "Tangazo la stesheni ni arobaini na moja, kijana. Chini ya hapo wenye mizigo hawajasikia. Juu ya hapo wenye haraka wameshaondoka."

Ila karatasi aliyopewa haikuwa na mpiga kengele. Huyo alimwongeza mwenyewe. Mkasi alipomuuliza, mzee alijibu huku anafunga vifungo vya koti. "Tulifanya naye kazi miaka kumi na minane. Siku moja alipanda behewa la tatu mbele ya macho yangu, anakwenda kumsalimia dada yake. Hakushuka popote. Mimi ndiye niliyekuwa natangaza kila kitu pale, hata mwavuli ukipotea. Yeye niliambiwa nisimtangaze. Nikanyamaza." Akaichukua kofia yake. "Sasa nimemtangaza. Na watu wa hapa watamsikia."

Miezi minane baadaye akapata uvimbe kooni. Madaktari walimwokoa, hilo tuwashukuru, lakini uvimbe na sauti viliondoka pamoja. Mzee akahamia kwa binti yake na Mkasi, kitambaa shingoni kufunika kitundu cha kupumulia, daftari na penseli mfukoni. Ukimwambia "Shikamoo, baba," alikuwa anagonga meza mara mbili, kwa kifundo cha kidole. Hiyo ndiyo marahaba yake. Miaka thelathini na moja ya kutangaza, na hakuna hata siku moja iliyorekodiwa. Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya ile gemu. Na mahali hapo ndipo bodi ilipoweka namba kumi na nne.

Mkasi akapiga moyo konde, akaenda kwa bosi. Bosi walimwita Fasta, maana hilo neno lilimtoka mdomoni kabla ya salamu.

"Bosi, hii ya stesheni naomba tuizime tu. Tusiing'oe."

Katika kazi yao kuzima na kung'oa ni vitu viwili. Kitu kilichozimwa bado kimo ndani ya gemu, kimefunikwa tu, na wakataji wote hupenda kuzima kwa sababu kung'oa huleta balaa: unang'oa taa huku, mlango unagoma kufunguka kule. Tena kilichozimwa, mchezaji mdadisi anaweza kukifukua siku moja. Mkasi alilitegemea hilo, na Fasta alilijua.

"Kuzima?" Fasta akasema. "Ng'ombe umemsahau wewe?"

Nani angemsahau ng'ombe? Katika gemu iliyopita Mkasi alizungushia ukuta makaburi yaliyokatazwa badala ya kuyang'oa. Mchezaji mmoja, asiye na kazi ya kufanya, akampandisha ng'ombe kwenye mkokoteni, akapanda juu ya ng'ombe, akaruka ukuta, akawaonyesha watu wote mtandaoni kilichofichwa. Gemu ikapigwa marufuku mwaka mzima na watu sita wakapoteza kazi.

"Ile ni sauti ya baba mkwe wangu, bosi."

Fasta hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. "Pole, kaka. Mzee namheshimu. Lakini nikikuachia wewe, watakuja watu sita wengine kunililia hapa. Matoleo ya nje yatabaki nayo. Hili la kwetu, ng'oa na mizizi. Fasta."

Jioni hiyo Mkasi aliingia nyumbani jua bado lipo. Mzee alikuwa mezani, na daftari lilikuwa limeshafunguliwa. Aliandika neno lile lile la kila siku: "Lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo, baba," Mkasi akajibu.

Hakudanganya. Gemu ilikuwa inatoka Jumamosi kweli. Mzee akatabasamu, akaenda kulipiga pasi lile koti lake la kazi, wiki nzima na siku mbili kabla. Mkewe Mkasi, aliyeitwa Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zao waliokuwa shule ya bweni, akamtazama mumewe.

"Baba Pacha, mbona umekaa kama umefiwa?"

"Nimechoka tu."

"Wewe umechoka tangu tuoane," akasema mkewe, akacheka, akaenda zake jikoni. Mkasi alijionea aibu, mtu mzima, akabaki anakuna meza kwa ukucha. Mwoga ni mwoga tu, hata ukimpa siku tisa za kusema neno moja.

Kesho yake asubuhi akaling'oa tangazo. Mbofyo mmoja, swali moja la kompyuta, una uhakika?, mbofyo wa pili. Alidhani atalia. Hakulia. Alisikia njaa, akala mkate.

Saa tano akaitwa na Jicho, dada ambaye kazi yake ilikuwa kucheza gemu kutwa nzima akitafuta makosa.

"Kaka Mkasi, hebu njoo uone maajabu. Mji umesimama."

Akaenda. Kwenye skrini treni ilikuwa imeingia stesheni. Jukwaani walisimama watu wote wa mji: wapishi, walimu, watoto wa shule, hakimu, hata yule mwizi wa kuku aliyetakiwa kuwa amejificha sokoni. Vichwa vyote juu, wanatazama spika. Nyuma yao maduka yalikuwa wazi na matupu.

"Tangu lini?"

"Nimewaacha tangu saa tatu. Hawali, hawaendi kazini. Nimempiga hakimu kwa mfuko wa barua, wala hajageuka. Wanangoja kitu."

Mkasi akavuta kiti, akakaa. Alijua walichokuwa wanangoja, maana aliyewaambia wangoje ni yeye. Miaka miwili nyuma mji ule ulikuwa unavurugika kila asubuhi. Watu wanaondoka kabla treni haijafika, wanagongana, wanatumbukia relini. Fasta alikuwa juu ya kichwa chake, fasta, fasta. Badala ya kutengeneza saa ya mji kwa utaratibu, Mkasi alitafuta kitu kimoja asichokuwa na shaka nacho akaufunga mji wote hapo: tangazo la mzee likiisha, watu waondoke. Ilifanya kazi vizuri, akasahau. Haraka haraka haina baraka, tumeimba tangu utotoni, na nani aliwahi kusikia?

Sasa bila tangazo, hakuna asubuhi iliyoweza kuisha.

"Ukibadilisha saa ya mji mzima itachukua muda gani?" Jicho akauliza.

"Mwezi. Na tuna siku nane."

Fasta alipokuja akaona umati ule umetulia tuli, akashika kichwa. "Fanya lolote," akasema. "Lolote, ilimradi lile lisiwemo."

Basi Mkasi akafanya la pekee lililokuwepo. Alifungua faili jipya, tupu, lisilo na hata mkoromo wa spika, akalipima sekunde arobaini na moja. Akaliweka pale pale lilipokuwa tangazo. Kisha wote watatu wakasimama kutazama. Treni ikaingia. Vichwa vikainuka. Kimya. Jicho, ambaye hakuwa mtu wa kutulia, alijikuta amebana pumzi. Halafu watu wakateremsha vichwa na kwenda kazini, na mwizi wa kuku akarudi sokoni.

"Humo umeweka nini?" Fasta akauliza.

"Sijaweka kitu, bosi. Ni kimya."

"Bodi wakilipima?"

"Watakuta kimya."

Bodi walilipima, wakakuta kimya, wakapiga muhuri.

Jumamosi ikafika, kama zifikavyo siku usizozitaka. Saa nne asubuhi Mama Pacha alifungua mapazia, akaona skrini haisomeki kwa mwanga, akayafunga tena. Mzee akatoka chumbani na koti lake la kazi limenyooka, vifungo vyote vimefungwa, na kofia. Mkasi alipomwona hivyo akasema moyoni, leo nitakufa.

"Shikamoo, baba."

Mzee akagonga meza mara mbili, akanyoosha mkono apewe pedi ya kuchezea. Hakutaka kufundishwa. Alimpitisha yule tarishi moja kwa moja, akaziruka barua zote, akakata mtaa wa nne, akapita sokoni, akaenda zake stesheni. Njia aliijua, wachoraji walimhoji siku tatu walipokuwa wanaichora.

"Baba," Mkasi akaanza. "Baba, kuna jambo nilitaka nikwambie mapema, ila..."

Treni ikaingia. Watu wakajaa jukwaani. Mzee akaweka pedi chini, akavua kofia, akaiweka gotini.

Vichwa vikainuka, na spika ikanyamaza.

Mama Pacha akachukua rimoti kuongeza sauti. Akaongeza tena. "Mbona haisikiki? Baba Pacha, hii televisheni ina nini?"

"Wamelikata," Mkasi akasema. "Bodi wamelikataa. Mimi ndiye..."

Mzee aliinua kiganja. Kilikuwa kiganja cha mtu aliyewahi kunyamazisha jukwaa zima, na Mkasi akafunga mdomo. Mzee hakuwa anamtazama. Macho yake yalikuwa kwa wale watu walioinua vichwa. Akavuta pumzi kwa kile kitundu cha shingoni, ikasikika ikipita kwenye kitambaa, na midomo yake ikaanza kwenda. Hakuna sauti iliyotoka. Kidole chake kilikuwa kinahesabu juu ya meza, polepole, hatua za mtu aliyebeba mzigo. Midomo ikaenda, ikapumzika, ikaenda. Ilipofungwa mara ya mwisho, watu wote wa mji wakateremsha vichwa kwa pamoja, wakageuka, wakaondoka.

Hakuwahi wala hakuchelewa hata nusu ya sekunde. Mkasi alipima mapengo ya namna hiyo maisha yake yote, na alijua alichokiona.

Mama Pacha alikuwa bado ameshika rimoti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Yeye alilelewa nyuma ya kioo cha kibanda cha mtangazaji pale stesheni; utoto wake wote alimtazama baba yake akiongea upande asioweza kusikia. Midomo ile aliisoma kabla hajajua kusoma kitabu.

Mzee akachukua daftari, akaandika, akamsogezea mkwewe. Mkasi alitegemea laana, au angalau swali la kwa nini. Kulikuwa na maneno mawili tu: "Sekunde ngapi?"

"Arobaini na moja, baba."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, namna mkaguzi anavyotikisa akikuta boriti imekaa sawa.

"Naweza kukutafutia toleo la nje," Mkasi akasema haraka. "Kule sauti yako ipo yote. Kuna watu wanaingiza kwa njia za panya, baba, nitakuletea uisikie."

Mzee akaandika tena, safari hii kwa muda mrefu kidogo. "Ya nje wasikilize wa nje. Na tangazo la kusikiliza mwenyewe chumbani si tangazo."

Kisha akamfanya tarishi akalale kwenye nyumba ya wageni mkabala na stesheni, ili asubuhi ya gemu ije upesi. Ikaja. Treni, umati, vichwa juu. Mzee akavuta pumzi, midomo ikaanza, na safari hii binti yake akamfuatisha kwa sauti. "Mabibi na mabwana, garimoshi la kutoka bondeni limewasili. Abiria wafuatao walitarajiwa na hawakuwemo." Alikuwa anamtazama baba yake tu, skrini hakuitazama. Fundi saa. Mwalimu wa hesabu. Dada wawili wenye duka la vitambaa. Alipomaliza, mji ukaondoka.

Dirisha nyuma ya pazia lilikuwa wazi. Nje mtu mmoja aliyekuwa anapita alisimama, kisha akaendelea.

"Baba," akasema Mkasi. Hakuweza kuvumilia tena. "Ni mimi niliyekata. Nilipewa karatasi, nikakata kwa mkono wangu. Siku tisa nimekaa na wewe meza hii na sikusema."

Mzee alimtazama. Naye aliwahi kupewa amri, na naye alinyamaza, miaka mingi kuliko siku tisa. Alifungua daftari, akashika penseli, halafu akalifunga bila kuandika. Akamsogezea Mkasi kiti kilichokuwa kati yake na binti yake, na kwa mkono akamwonyesha dirisha: pazia livutwe.

Mkasi akavuta pazia. Mwanga ukaingia wote, skrini ikafifia, na barabara ikaonekana, na watu wa Jumamosi wakipita na shughuli zao. Akakaa kwenye kile kiti. Tarishi akalala, akaamka. Treni ikaingia mara ya tatu, na kwa ile picha hafifu aliona vichwa vikiinuka.

Mama Pacha akaanza, midomo ya mzee ikienda kando yake. Akataja fundi saa, akataja mwalimu, akataja wale dada wawili, na kinyozi, na mpiga picha na mkewe. Hapo akanyamaza. Mzee naye midomo ilisimama. Kidole tu ndicho kilichoendelea kuhesabu juu ya meza, na wote wawili walikuwa wanamtazama Mkasi.

"Na mpiga kengele," akasema Mkasi, kwa nguvu, ikafika barabarani. "Wa zamu ya asubuhi."

"Waliokuja kuwapokea," akamalizia mkewe, "wanaombwa warudi kesho."

Watu wakateremsha vichwa, wakaenda zao.